Sabuni Isiyoisha

Kazini wananiita trafiki. Nikitokea tu mwanzo wa korido, madaktari vijana wanavua saa zao na kuzitia mfukoni, manesi wanakumbuka kunawa, na ndugu aliyekalia kitanda cha mgonjwa anainuka haraka kama dereva aliyekutwa amepaki pabaya. Zamani jina hilo lilinikera. Siku hizi nikilisikia linanong'onwa nageuka na kuuliza leseni iko wapi.

Cheo changu kinavyoandikwa ni kirefu, lakini kazi yenyewe naweza kuieleza kwa pumzi moja: kuhakikisha mtu haondoki hospitalini na ugonjwa ambao hakuja nao. Majirani zangu wa Ilala hawaamini kama hiyo ni kazi. Wananiuliza, kumbe mtu mzima anaajiriwa ili awaambie watu wazima wenzake wanawe mikono? Nawajibu kwamba ingekuwa ni hilo tu ningeshapumzika zamani.

Hospitali yetu iko katikati kabisa ya jiji. Dirisha la ofisi yangu likiwa wazi nasikia vipaza sauti vya wamachinga wa Kariakoo vikirudia maneno yale yale tangu asubuhi, na nyuma ya ukuta wetu kuna watu wanaouza ndoo, mabeseni na madumu ya sabuni ya maji ya kila rangi. Ndiyo maana kwetu kuna desturi ambayo sijui kama iko kwingine. Mgonjwa akiruhusiwa, ndugu zake wanaotaka kushukuru hawaleti soda wala keki. Wanavuka barabara, wanarudi na dumu la sabuni.

Madumu mengi yalikuwa yanakwenda wodi ya watoto wachanga. Huko ndiko wanakolala njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwenye chumba chenye joto ambamo mtu mzima anatoka jasho hata kama amesimama tu. Mama zao wanalala chumba cha pili na wanaingia kila baada ya saa chache kuwanyonyesha na kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kanga. Tunaita kangaroo, na kwa mtoto mdogo namna ile kifua cha mama ni dawa kama dawa nyingine yoyote. Mlangoni pana sinki, na kwenye sinki palikuwa na chupa ya sabuni, ile chupa kubwa ya maji ya kunywa ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari wa moto.

Msimamizi wa wodi ile, inchaji kama tunavyosema, alikuwa mama mtu mzima aliyewafundisha kazi nusu ya wauguzi wa hospitali nzima. Mimi pia nilipita mikononi mwake. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijakagua chochote, naye aliitikia marahaba huku akinitazama viatu, kwa sababu siku moja katika ujana wangu niliingia wodini kwake na ndala na hajawahi kulisahau jambo hilo. Wodi yake ilikuwa inang'aa. Wodi nyingine nikienda nakuta sinki kavu na chupa imelala chali. Kwake, sabuni ilikuwepo siku zote.

Sasa kulikuwa na mama mmoja kijana. Alikuwa anauza nguo za watoto za mtumba pale Mchikichini, na alikuja kwetu na ujauzito wa mapacha, uchungu umemshika kabla ya wakati. Akajifungua wasichana wawili, wadogo mno, wa kuwatazama ukiwa umezuia pumzi. Nilimfahamu kwa sababu ya mikono yake. Siku ya kwanza niliwaonyesha mama wapya jinsi ya kunawa, na wengi walinifuatisha kwa adabu tu. Yeye alijifunza. Alipitisha vidole katikati ya vidole, akageuka kwenye dole gumba, akasugua kucha kwenye kiganja, akapanda mpaka kwenye kiwiko, bila haraka, hata akiwa na usingizi, hata akiwa na maumivu ya mshono. Wanafunzi wa uuguzi walipokuja nikawa nawaambia, msinitazame mimi, nendeni mkamtazame yule.

Pacha wa kwanza akafariki. Asubuhi aligoma kunyonya, akawa wa baridi, tumbo likavimba, na kabla jua halijageuka alikuwa ametutoka. Hatukushangaa, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba njiti akifa watu hawashangai. Baba yake akaja na wazee, wakamchukua wakaenda kumzika. Mama yake hakwenda, maana mwingine alikuwa anasubiri kunyonya.

Baada ya hapo akaugua mtoto wa kitanda cha dirishani, kisha mwingine wa upande wa pili. Kisha akaugua pacha aliyebaki. Maabara wakapima damu za hao watatu wakakuta mdudu mmoja, yule yule kwa wote. Mtoto akija na maradhi yake mwenyewe, hayo ni mengine. Lakini watoto watatu wasiogusana, wenye mdudu mmoja, maana yake kuna kitu kinachotembea kati yao, na watoto wale hawatembei. Nikaitwa.

Nakiri nilifika na hasira. Mimi ni mwepesi wa hasira, na maambukizi ya wodini yananiudhi kama mwizi aliyeingia ndani wakati mlinzi yuko getini. Lakini nilipofika nilikuta kesi imeshahukumiwa. Chumba cha akina mama kilikuwa kimekaa kikao na kuamua kwamba ugonjwa umeletwa na mwuza mitumba. Mmoja wao alinieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ananisaidia.

"Si unajua sista, zile nguo ni za wazungu waliokufa. Anazishika kutwa nzima. Na mtoto aliyeanza kufa ni wa nani? Si wa kwake?"

Inchaji hakuamini habari za wazungu waliokufa. Lakini alikuwa na watoto wagonjwa, na akina mama wanaotishia kuhama, na juu yake kuna wakubwa wanaouliza kila saa. Akaamua kwamba yule mama asiingie kwa muda. Akamue maziwa kwenye kikombe, nesi atamnywesha mtoto, na yeye atamwona kupitia kioo. Nikambishia.

"Mama, hatuna ushahidi wowote juu yake."

"Na kwamba si yeye, unao?"

Sikuwa nao. Nilipotoka nilimkuta amesimama kwenye kioo, amejifunga kanga, kikombe mkononi. Mwanawe alikuwa na mirija puani na homa inayopanda na kushuka, mdogo kuliko wote mle ndani, na kile kifua alichokihitaji kilikuwa upande wa pili wa kioo. Sijui kama nimewahi kuona kitu kilichonifanya nijisikie sina maana kazini kama kile.

"Mikono yangu misafi, sista," akaniambia. "Si huwa unanionaga?"

"Nakuonaga."

"Basi waambie."

Nikaanza kumtafuta mdudu. Nilipitisha pamba za sampuli kwenye mabomba, kwenye mizani, kwenye mashine za joto, kwenye meza ya kuandalia dawa, kwenye kitasa cha mlango, hata kwenye simu ya inchaji, ambayo alinipa akiwa amekunja uso. Nilipitisha pia kwenye mifuko na nguo za yule mama, nikiomba kimoyomoyo zisiwe na kitu. Nikasubiri vijidudu viote. Ndugu yetu wa maabara akanipigia na sauti ya mtu anayetoa pole. Hakuna. Kote kule, pamoja na nguo za mtumba, mdudu wetu hakuwepo.

Nikafanya kitu ninachokifanya nikiishiwa akili, yaani kukaa na kutazama. Nilivuta stuli nikaiweka mbele ya sinki, na akina mama wakapita mbele yangu kwenda kunyonyesha. Walinawa vizuri sana, kwa kuwa trafiki yupo. Mmoja alipoikamua chupa, ikakohoa povu kidogo na hewa. Akafungua kifuniko, akakinga maji ya bomba, akafunga, akatikisa, akairudisha mahali pake, na kufuta kwa kiganja maji yaliyodondoka pembeni. Kisha akaenda kwa mwanawe, nami nikaendelea kulitazama bomba.

Aliyefuata akanawa kwa sabuni ile, naye kabla ya kuondoka akaongeza maji kidogo, kwa sababu aliona imepungua. Hapo ndipo akili yangu ilipogutuka.

Nilichelewa kukiona kwa sababu nimekiona maisha yangu yote. Nimekulia nyumba ya kupanga, vyumba sita na choo kimoja, mama yangu akiwa amekuja mjini kutoka Kusini na mkeka na sufuria. Kwetu sabuni ikifika chini inaongezwa maji. Dawa ya meno ikigoma, tyubu inakatwa kwa wembe. Mgeni akija wakati wa kula, maharage yanaongezwa maji na hakuna anayesema kitu. Na kumwachia mwenzako chupa tupu ni utovu wa adabu, sawa na kumaliza maji ya mtungi ukanyamaza. Mtu anaongeza kidogo ili anayekuja nyuma asikose. Tumelelewa hivyo, na mimi sioni aibu nako.

Lakini sabuni nzito ina nguvu ya kujilinda, na ikichanganywa na maji ya bomba nguvu hiyo inaondoka. Ile ya zamani inabaki chini, maji mapya yanakuja juu, chupa haioshwi kwa kuwa haijawahi kuwa tupu, na chumba chenyewe kina joto. Ukitaka kumfugia mdudu nyumba nzuri, ndiyo hiyo. Nikainuka, nikamwendea inchaji.

"Mama, hii chupa ya sinki mara ya mwisho kuisha ni lini?"

Akanitazama kama nimemtusi. "Kuisha? Hapa kwangu sabuni haijawahi kuisha. Kawaulize hao wa wodi nyingine."

Niliichukua chupa ile pale pale, na nyingine mbili za ndani, nikaweka vipande vya sabuni ya mche vilivyokatwa upya. Maabara nilipeleka sabuni ya chupani na sabuni ya dumu ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Majibu yalipokuja, dumu lilikuwa safi. Chupani, mdudu wetu alikuwa amejaa.

Nilimwambia inchaji tukiwa wawili, mlango umefungwa. Akavua miwani. Kwa muda alikuwa anaifuta tu kwa ncha ya gauni, miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo kila tulivyokuwa tunanawa…"

"Ndiyo, mama."

"Na yule binti?"

"Yule ndiye aliyenawa kuliko sisi wote."

"Nimemtoa nje mtoto wa watu," akasema. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimfahamu. "Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Waeleze wote kuhusu chupa. Lakini huyu mtoto aliyetangulia usimguse. Ameshazikwa. Utamwambia mama yake ili iweje?"

Nilimwelewa. Nimekaa na swali lake miaka, na bado namwelewa. "Sitaanza mimi," nikamjibu. "Lakini akiniuliza sitamdanganya."

Inchaji akaenda mwenyewe chumba cha akina mama, na mbele ya wote akamwambia yule mama kijana, "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Kwa mtu wa umri wake na cheo chake, halikuwa jambo dogo. Mimi nikaeleza habari ya chupa, polepole, bila kutaja ni nani aliyeongeza maji, kwa kuwa hakukuwa na wa kumtaja. Yule aliyenieleza habari za wazungu waliokufa alikuwa anaitazama sakafu. Nilipotoka nikasikia ndala za yule mama kijana nyuma yangu kwenye korido.

"Sista. Na yule mwenzie?"

Nilitamani sana wakati ule kuwa mtu wa kazi nyingine. "Damu yake hatukuipima," nikamwambia, "kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini ukiniuliza ninavyoamini, ndiyo. Naamini ni hiyo hiyo."

Akaegemea ukuta. Hakulia. "Asubuhi mimi ndiye nilikuwa naamka wa kwanza," akasema. "Naikuta iko chini kabisa. Naongeza maji, nasema wenzangu wasije wakakosa."

"Na mchana aliongeza mwingine, na jioni mwingine, na manesi wangu wakaongeza. Kila mmoja alikuwa anamfikiria mwenzie."

Ni kweli tupu niliyomwambia, na niliona kabisa haijamfika. Alitikisa kichwa tu, akaikunja mikono ndani ya kanga.

Mlango ulikuwa wazi sasa. Aliyekataa kuingia akawa ni yeye. Inchaji alimwita, nesi alimwita, akasimama pale pale kwenye kioo chake. "Mshikeni nyie," akasema. "Nyie mnajua." Mtoto alikuwa ameshabadilishiwa dawa, homa bado iko juu, na daktari alikuwa anataka abebwe kifuani siku ile ile. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, maana kusema ndiyo kazi yangu. Nikayaacha yote.

Nilimshika bega nikampeleka kwenye sinki. Nikanawa mimi kwanza, kwa sabuni ya mche. Kisha nikaitoa mikono yake kwenye kanga nikamnawisha, kama anavyonawishwa mtoto aliyetoka kucheza, kidole kwa kidole, dole gumba, kucha, mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa imechubuka kwa kunawa. Alikuwa anaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, na katikati ya kunawishwa ndipo alipoanza kulia. Sikuacha. Nikaisuuza kwa maji mengi, nikaifuta kwa kitambaa kilichotoka kupigwa pasi.

"Sasa hivi mikono hii misafi," nikamwambia. "Nakwambia mimi, na unajua mimi si mtu wa kumsifia mtu bure."

Akaingia. Mimi ndiye niliyemfunga kanga, mtoto kifuani, uso mdogo umegeukia pembeni. Alikaa hivyo siku ile yote, na iliyofuata, akitoka tu kwa haja zake. Homa haikuondoka kwa mara moja. Ilishuka, ikatudanganya, ikarudi, kisha siku moja ikashuka ikabaki chini. Asubuhi moja nilipopita, nilimkuta amenyanyua kidole kunionyesha ninyamaze. Mtoto alikuwa ananyonya.

Wale wengine wawili nao walipona. Tukaweka utaratibu mpya: chupa ndogo, zinaoshwa na kukaushwa, zinajazwa mara moja tu, na ikiisha iachwe tupu na mtu aseme. Nilidhani ni jambo jepesi. Lo. Watu waliokubali kuvua pete na kukata kucha walishindwa kuacha chupa tupu. Nilimkamata nesi akiongeza maji, nikamkamata daktari bingwa, nikamkamata inchaji mwenyewe akiwa na kifuniko mkononi, akanitazama kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Nilibandika matangazo, yakasomwa vizuri, na maji yakaendelea kuongezwa. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe.

Siku ya yule mama kijana kuruhusiwa, mama mkwe wake alikuja na kanga mpya na, kama ada, dumu la sabuni, la rangi ya ndimu. Wakapiga soga na inchaji kama hakuna kilichowahi kutokea, ingawa nadhani wote wawili walikuwa wanajua. Yule binti akaja kwenye sinki kunawa mara ya mwisho kabla ya kumchukua mwanawe. Mimi nilikuwa mlangoni.

Akaikamua chupa, ikakohoa. Akaikamua tena, hakuna kitu. Nikauona mkono wake ukifungua kifuniko, na chupa ikaenda chini ya bomba, na bomba lilikuwa linamwagika. Akasimama hivyo. Sikusema neno, na wanaonifahamu wanajua kwangu kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kusema.

Akafunga bomba. Akaiweka chupa pembeni ya sinki, tupu, kifuniko kando yake, akaitazama kwa aibu, kama mtu anayeacha vyombo vichafu nyumbani kwa watu.

"Mama," akaita, si kwa sauti kubwa. "Sabuni imeisha."

"Asante, mwanangu," inchaji akajibu kutoka ndani. "Iache hivyo hivyo."

Akabaki amesimama, mikono imelowa, ameinyoosha mbele yake bila kugusa kitu, akisubiri aletewe nyingine.